Herufi Saba za Shangazi Zaina

Wiki iliyopita binti yangu alinipa simu yake nimsaidie mchezo. Kwenye kioo kulikuwa na duara la herufi chache, na kazi ni kuziunganisha mpaka zitoe maneno ya Kiingereza. Yeye alikuwa amekwama tangu asubuhi. Mimi nilipitisha kidole tu, maneno yakatoka mfululizo, akanitazama kama nimemuibia kitu. Alitaka kujua nilijifunza wapi. Nikamwambia ni Buyenzi, juu ya mkeka, wakati wa vita. Hakuniamini. Akachukua simu yake akaondoka, nami nikabaki na harufu ya mafuta machafu ya gari puani, imechanganyika na chai ya tangawizi, kana kwamba gereji ya baba iko nyuma ya mlango.

Sisi tuliokulia Bujumbura miaka ile kila mmoja ana namna yake ya kuikumbuka. Mimi naikumbuka zaidi kwa shule iliyofungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Milio iliyotoka upande wa milima mama aliniambia ni watu wanashusha mabati kwenye lori, nami niliendelea kuamini hivyo muda mrefu, ingawa sikuona nyumba mpya hata moja. Mtaani kwetu kulikuwa na afadhali. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, wauza vyuma na wenye maduka, na watu waliokimbia kutoka kila upande wa mji walikuja kulala kwenye nyua zetu bila mtu kuwauliza wao ni kina nani. Lakini wakubwa waliogopa pia. Mitaa mingine ilikuwa imeharibika mbele ya macho yao, na kila mmoja alisema huko mambo yalianza na mgeni mmoja asiyejulikana. Kwa hiyo vijana walijipanga kwenye kila avenue, kama tunavyoziita barabara za mtaa, na mtu wasiyemjua hakupita bila kujieleza.

Katikati ya hayo yote shangazi Zaina, dada yake baba, akarudi kutoka Kampala. Huko aliishi miaka mingi na mumewe, akifanya kazi ya kupokea wageni kwenye nyumba ya kulala wageni, mpaka mumewe alipougua na kufariki. Watu walimshangaa. Wenzake wanakimbia, yeye anarudi. Aliwajibu kwamba ndugu zake wako hapa, akaishia hapo. Alikuja na begi moja. Njiani, kwenye kizuizi, wanajeshi walilimwaga begi lile kwenye matope, wakamruhusu kuokota nguo tu. Miongoni mwa vitu vilivyobaki chini ni kopo lililojaa vibao vidogo vya mbao vyenye herufi, vya mchezo ambao yeye na mumewe walikuwa wakicheza baada ya chakula. Alipofika kwetu na kuzikung'uta nguo uani, vibao saba vikaanguka kutoka kwenye mikunjo. Mimi ndiye niliyeviokota. Vilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, na herufi zake zilikuwa A, E, I, N, R, S na T. Pembeni ya kila herufi palikuwa na tarakimu ndogo, 1.

Siku za mwanzo shangazi hakuzungumza sana. Alipika, alifua, alikaa. Siku moja, maharage yakiwa jikoni na mimi nikimsumbua kwa sababu hakuna shule, alivichukua vile vibao akavipanga vitatu juu ya mkeka. Akasema hii ni *tea*, chai. Akavibadilisha nafasi, ikawa *eat*, kula. Akavibadilisha tena, ikawa *ate*, alikula. Nilicheka mpaka mama akachungulia dirishani. Herufi zilezile tatu, na kila zikihama mahali mambo yanakuwa mengine. Siku nyingi wakati ule chai ndiyo ilikuwa chakula chenyewe, kwa hiyo niliona Waingereza ni watu wanaoelewa maisha.

Tangu siku hiyo tulikaa kwenye mkeka kila maharage yalipowekwa jikoni. Shangazi alikuwa na sheria moja: neno halihesabiki mpaka ulifanye kwa mwili wako. *Sit*, unakaa. *Rest*, unalala chali na kushusha pumzi. *Ear*, unavuta sikio. *Stain*, doa, tuliitafuta kwenye mashati ya baba, hatukuikosa. *Sea* alinifundisha kwa kuninyooshea kidole ziwa letu, na mimi sikuona tatizo, kwani maji makubwa kuliko yale sikuwahi kuyaona. *Rain* ilikuwa mvua, na ukiiwekea T mbele inakuwa *train*. Nchini kwetu hakuna treni, basi pamoja na maelezo yote ya shangazi nikaamini moyoni kwamba treni ni chombo kinacholeta mvua.

Nilielewa vibaya na jambo kubwa kuliko hilo. Niliamini kwamba Kiingereza kina herufi saba. Kifaransa cha shuleni kilikuwa na herufi nyingi zilizojaa ubao mzima, nyingine zimevaa na vikofia, lakini Kiingereza niliona ni lugha ndogo, nadhifu, inayoingia kwenye kiganja. Ile namba moja niliisoma kama ushahidi: A ni moja tu, E ni moja tu, basi, hakuna nyingine. Maandishi yoyote yenye herufi zaidi ya hizo niliyahesabu kuwa Kifaransa. Na shangazi alipojisahau akanisalimia *good morning*, nilidhani hicho ni Kiganda.

Kwa hiyo nilitembea mtaani kwa raha sana. Kwenye bomba la maji niliwaambia wanawake kwamba Kiingereza nakimaliza kabla ya Ramadhani. Mama alisema napoteza muda, hapa kazi inapatikana kwa Kifaransa. Baba, ambaye watu walimwita Fundi Rajabu, alinisikiliza akiwa chini ya gari na kusema ni vizuri.

Mambo ya siku yenyewe, namna yalivyoanza, nilisimuliwa baadaye na baba. Shangazi alikuwa ameenda mtaa wa Kinanira, ambako siku nyingine alipikia familia moja, na alikuwa harudi mpaka alasiri. Kabla ya adhuhuri akaingia kwenye avenue yetu mwanamume mmoja mweusi kama sisi, kipara, shati lake jeupe limeloa jasho, amebeba kwapani kitu kizito kilichofungwa kwenye gunia. Alikuwa na mchukuzi aliyemwongoza kutoka bandarini, lakini mchukuzi alipowaona vijana wanasogea alipotea kwenye vichochoro. Vijana wakamsalimia mgeni kwa Kiswahili, hakujibu. Wakamuuliza kwa Kirundi atokako, akatikisa kichwa. Wakajaribu Kifaransa, akafungua mikono. Alichorudia ni Zambia, Zambia, na maneno mengine ambayo hakuna aliyeyajua. Karatasi hakuwa nazo. Wakaona anajifanya. Mtu mweusi asiyejua hata lugha moja ya watu, na kitu cha chuma ndani ya gunia. Mkubwa wa vijana wale, Hamisi, aliyekuwa akiuza vyuma chakavu kabla ya mambo kuharibika, akasema wampeleke kule juu. Wakubwa walijua kwamba waliopelekwa kule juu hawakurudi wote.

Walikuwa wamefika mbele ya gereji. Baba akatoka chini ya gari akiwa na spana mkononi, akamtazama mgeni, na kitu alichokiona kwanza ni kucha zake. Zilikuwa na grisi ya zamani, ile isiyotoka hata kwa mchanga na sabuni, kama za kwake. Akawaambia Zambia wanasema Kiingereza, na yeye ana mtoto anayejua Kiingereza, basi wamuulize mtoto kwanza. Baba alikiri kwangu baadaye kwamba alitaka tu kuvuta muda mpaka Zaina arudi. Lakini mtaa mzima ulikuwa umeshanisikia nikijisifu, na wazo lile likawaingia.

Nilikuwa nachambua mchele na mama walipokuja kuniita. Mama alikataa, kisha akafunga kitenge vizuri, akanishika mkono tukaenda wote. Uwanja wa gereji ulikuwa umejaa. Mgeni alisimama kwenye mlango wa chuma wa gereji, Hamisi amemshika mkono juu ya kiwiko.

"We, unajua Kiingereza kweli, ama unajisifuaka tu?" Hamisi akaniuliza.

"Mi najua yote," nikamjibu. "Imebaki kidogo sana."

Wakamwambia mgeni kwa ishara aseme na mimi. Akainama akasema, na akasema haraka. Sikushika hata neno moja. Hilo halikunitisha. Nikawaambia watu kwamba anakimbia mno, aandike. Baba akampa chaki yake ya kuchorea vyuma, mgeni akaandika kwenye mlango kwa herufi kubwa, mstari baada ya mstari, akigeuka kila mara kunitazama kama naelewa.

Nikausogelea mlango nikakagua. Niliona M, Y, H, P, G na U. Nikahamia mstari wa pili, nao ulikuwa vilevile.

"Hii apana ya Kiingereza," nikasema. "Kiingereza haina M."

Mgeni hakuelewa nilichosema, lakini aliona nyuso zikibadilika, chaki ikamwanguka. Hamisi akambana mkono zaidi, na kijana mwingine akaliinua lile gunia. Nilikuwa na uhakika kabisa, na uhakika wangu ulikuwa unampeleka mtu kule juu.

Baba akachuchumaa mbele yangu. Hakunikaripia. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, hizo herufi unazozijua we ziko wapi?"

Nikamwambia ziko nyumbani. Kabla sijamaliza, mama, yule aliyesema napoteza muda, alikuwa ameshageuka. Sikuwahi kumwona mama akikimbia barabarani kabla ya siku ile. Alirudi akihema, vibao vyote saba amevifumbata.

Nikavipanga kwenye boneti ya Peugeot iliyokuwa inangoja injini. Mgeni akavitazama, akatazama maandishi yake mlangoni, akanitazama mimi. Aliteremsha macho tena kwenye vibao, na nikaona jambo limemwingia. Akajifuta mkono wake mmoja huru kwenye suruali, akavuta vibao vitatu: *sea*. Kisha akanyoosha kidole magharibi, lilipo ziwa.

"Anasema ziwa," nikawaambia watu. "Ametoka ziwani."

Akaweka *rest*. Mimi, kwa kuwa sheria ni sheria, nikalala chali pale pale kwenye mchanga wa mafuta na kushusha pumzi. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mgeni akaweka *tea*, nikanywa kikombe kisichokuwepo. Halafu nikaona si haki yeye tu ndiye anayeuliza. Nikachukua vibao nikaweka *rain*. Akatazama juu na kuteremsha vidole vyake taratibu mpaka kwenye boneti, vikagonga bati kama mvua ya kwanza. Nikaongeza T. Akavuta kamba angani na kutoa sauti ya puu, puu, ambayo sikuitegemea, lakini nilikubali, pengine ndivyo mvua zao zinavyokuja.

Kisha nikamwekea *ant*, sisimizi. Akafikiri kidogo. Hamisi bado alikuwa amemshika. Mgeni akanyanyua mkono wake ulio huru, akaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa Hamisi, na vile vidole vikaanza kupanda, hatua ndogondogo, wakati mwingine vinasimama, vinageuka, vinapanda tena, mpaka karibu na kwapa. Hamisi akauvuta mkono wake. Alijaribu kuzuia uso, ukamshinda, akatabasamu mbele ya watu wote. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata yeye alikuwa kijana tu, hana ndevu za kutosha.

Mikono ya mgeni ilikuwa huru sasa. Akavikusanya vibao vyote saba, akavitazama, akaanza kuvipanga kimoja baada ya kingine bila haraka. *Retains*. Hakikubaki kibao hata kimoja. Neno lenyewe sikulijua, shangazi hakuwahi kunionyesha, wala sikujua namna ya kulifanya kwa mwili. Lakini mtu anayezitumia herufi zote bila kubakiza niliona hana tena cha kuulizwa.

"Amefaulu," nikasema.

Baba akarudia kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili kisha kwa Kirundi, kwamba amefaulu, kana kwamba anatangaza matokeo ya shule. Watu wakaanza kuongea wote pamoja. Gunia likafunguliwa, ndani mkatoka mfuniko wa pampu ya maji ya meli, umepasuka katikati. Hamisi akawaambia wenzake warudi kwenye kona yao. Yeye akabaki, akakaa kwenye tairi, akasema atangoja mpaka Zaina arudi, asikie mwenyewe.

Baba alianza kazi ya kuchomelea ule mfuniko. Mama alileta chai, na mgeni alipoipokea alisema *tea* huku akinitazama, nikamwitikia kwa kichwa kama mwalimu. Alikunywa vikombe viwili bila kukaa, kisha akakaa chini ghafla, mgongo kwenye gurudumu, kikombe kitupu amekikumbatia kwa mikono miwili. Baba alizima mashine, akageuka upande mwingine kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Alasiri shangazi akaingia uwanjani na kikapu chake. Baba akamweleza kwa maneno machache. Shangazi akamwendea mgeni akasema naye, na mgeni akainuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Maneno yakatoka. Sikuwahi kusikia maneno mengi namna ile. Yalimiminika pande zote mbili, na ndani yake nilizisikia M, na P, na G, na sauti nyingine nilizozijua kutoka shuleni, zote zikitoka kwenye kinywa cha shangazi yangu mwenyewe. Mgeni alikuwa fundi wa injini kwenye meli iliyoleta sukari na saruji. Karatasi zake zilikuwa kwa wakuu wa bandari mpaka mzigo uishe kushushwa. Jina lake liliandikwa pale mlangoni tangu mchana, mstari wa kwanza kabisa.

Nilimvuta shangazi kitenge. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba Kiingereza kina herufi nyingine.

"Nani alikuambia ni saba?"

"Ni we."

Alinitazama, kisha akacheka, akashika mdomo, macho yakamjaa maji. "Mi nilikuambia tumebaki na saba," akasema.

Watu huniuliza kama niliona aibu. Sikuona. Niliona kwamba kazi ni kubwa kuliko nilivyodhani na kwamba nitaiweza, na kweli niliiweza. Juma lile baba alinikatia herufi zilizobaki kutoka kwenye makopo ya rangi, akazisugua kingo zisinikate. Meli zilizofuata zilipopata shida, mabaharia walimuulizia shangazi Zaina kwa jina, na akaacha kupikia watu Kinanira. Alikuwa anatembea kutoka bandarini mpaka Buyenzi na wageni wake mchana kweupe, akiongea njia nzima ili kila avenue imsikie. Mimi lugha ndiyo imenilisha maisha yangu yote.

Lakini jioni ile, jua likiwa limeshuka na watu wakiharakisha kufunga maduka kabla ya saa ya kutotembea, mfuniko ulikuwa umeanza kupoa na mgeni alikuwa tayari kuondoka. Alisimama mbele yangu, akasema kitu na shangazi. Shangazi alisita kukitafsiri. Mgeni akarudia. Ndipo shangazi akaniambia kwamba mtu huyu anataka kujua, kama yale maneno ya vibao yangemshinda, ningewaambia watu nini.

Sikuhitaji kufikiri. Nilijua shule inavyoendeshwa.

"Ningewaambia arudie," nikasema. "Mutu akishindwa anarudia."

Baba aliacha kupanga spana zake. Hamisi, ambaye alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia, aliangalia chini kwa muda mrefu, na sikujua wakati ule ni nani alikuwa anamkumbuka. Mwishowe shangazi akamwambia mgeni kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, na mgeni akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu akakiacha hapo.

Kisha akainama kuchukua gunia lake. Hamisi alikuwa ameshalichukua. Aliliweka begani, chuma bado kina joto, akatangulia mbele kuelekea bandarini, na hakuna mtu aliyemwambia alibebe.